Neno la Kumi

Rahamim Wakrulkar alipokufa tulibaki wanaume tisa.

Kwa asiyejua mambo yetu hilo ni jambo dogo, maana mji wetu una watu tele na kila siku wanazaliwa wengine. Lakini sisi Wayahudi wa pwani ya Konkani hatusali kwa pamoja mpaka wapatikane wanaume kumi. Wakiwa tisa, sala nyingi hurukwa, na ile ya wafiwa, Kadishi, haisemwi kabisa. Vijana wetu walishakwenda Israeli, wengine Bombay, na mjini wamebaki wazee na maduka yao. Kwa miaka kadhaa tulikuwa kumi barabara, hata ikawa hakuna anayethubutu kuugua Jumamosi. Rahamim, muuza mafuta ya nazi, ndiye aliyekuwa akitimiza hesabu. Sasa yeye ndiye amekuwa maiti, na maiti hahesabiwi.

Siku ya mazishi hapakuwa na taabu, kwa sababu jamaa wa Bombay walikuja. Walizika, wakanawa mikono, wakawahi basi. Jioni nyumbani kwa marehemu tukabaki wenyewe, na Mzee Shimshon Talkar, msomaji wetu wa sala, akasimama kutuhesabu.

Kwetu watu hawahesabiwi kwa namba. Ni mkosi, kinachohesabiwa kwa namba ni mbuzi. Msomaji hutamka dua moja ya Kiebrania yenye maneno kumi, na kwa kila neno humnyooshea mtu mmoja kidole. Dua yenyewe inamwomba Mungu awaokoe watu wake, awabariki, awachunge, awabebe hadi milele. Neno la tisa ni lile "hadi". La kumi, haolam, ndilo "milele".

Mzee Shimshon alizunguka chumba kwa kidole chake kilichopinda. Neno la tisa likamwangukia Bwana Divekar, mwenye duka la dawa. Baada ya Divekar kulikuwa na mlango wa jikoni, na mlangoni alisimama Hanok, mtoto wa pekee wa marehemu, fundi wa pampu, ukosi wa shati lake umechanwa kama wafiwa wanavyochana. Kidole kilimpita kama kinavyolipita kabati. Kisha kikashuka.

"Hatujatimia," alisema Mzee Shimshon.

Wala Hanok hakushangaa. Mama yake, Sundara, alizaliwa kwa Wahindu watunza bustani, wauza maua. Rahamim alimpenda akamuoa, na wazee wa wakati ule walikasirika sana. Hakuna aliyempeleka kuingizwa katika dini kwa kuzamishwa majini kama sheria inavyotaka, maana mwenye hasira hampeleki mtu popote. Na kwetu mtoto hufuata watu wa mama.

Jikoni Sundara alikuwa ameshika kiberiti. Tangu aolewe, kila wanaume walipokutana nyumbani kwake kwa sala, yeye alisikiliza maneno yale kupitia mlangoni. La kumi likishatamkwa alijua wametimia, naye huwasha jiko na kupanga sahani. Maana yake hakuwahi kuambiwa. Kwake ilikuwa kama kengele. Jioni ile alingoja kengele ikamalizikia njiani, naye akakiweka kiberiti juu ya rafu.

"Washa tu, wifi," alisema Ketura, dada wa marehemu, aliyekuwa ameketi juu ya gunia la mchele. "Hao hawasali leo, lakini chai watakunywa."

Walikunywa kweli. Katikati ya chai Bwana Divekar akasema kwa upole, kama mtu anayeandika dawa, "Tumwite Isak wa Panvel. Huwa anakuja."

"Nauli yake?" aliuliza Hanok.

"Hutoa mfiwa," alisema Divekar.

*

Isak wa Panvel alifika kesho yake na mfuko wa plastiki na tumbo lililomtangulia. Alikuwa mtu mchangamfu. Aliwapa mkono wote, akamshika Sundara bega, akasema pole mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Marehemu alikuwa mtu mzuri sana," alisema akikaa.

"Ulimfahamu?" aliuliza Ketura.

"Ningemfahamu wapi, mama? Lakini nimeitwa kwenye misiba mingi, sijakuta hata mmoja wa mtu mbaya."

Kwa desturi majirani ndio huwalisha wafiwa, na majirani walileta: samaki wa mchuzi wa nazi, mikate ya mchele, mayai ya kuchemsha. Vyote vilipitia kwa Isak kwanza. Alikula kwa utulivu, akisema mkono mtupu haulambwi, na kwamba kutoka Panvel hadi hapa barabara inakung'uta utumbo. Kisha akanawa, akavaa kofia yake ndogo, akakamata kitabu cha sala.

Alikikamata juu chini. Hanok alikuwa amekaa nyuma yake karibu na mlango wa jikoni. Bila kufikiri alinyoosha mkono akakigeuza.

"Ahsante, mwanangu. Kumbe unajua kusoma?"

"Kidogo kidogo."

"Basi mbona mmenitoa Panvel?"

Mzee Shimshon aliangalia kurasa zake. Ketura akajibu kutoka jikoni, "Kwa sababu ya mama yako."

"Mama yangu? Alishakufa zamani. Alikuwa mkali, alitupiga kwa mwiko."

"Lakini alikuzaa vizuri."

Watu walicheka, na Hanok naye akacheka. Ungefanya nini? Asiyecheka mahali kama pale huonewa huruma, na yeye huruma alishachoka nayo. Tangu utotoni watu wetu walimpa huruma, peremende, na kazi za kutengeneza feni ya sinagogi. Ngazi alikuwa akiruhusiwa kuipanda. Binti hakuna aliyempa.

Siku ile dua ya hesabu ilifika mwisho. Haolam ilimwangukia Isak, aliyekuwa akitafuta mfupa wa samaki kwenye jino, na jikoni Sundara akawasha jiko. Ilipofika Kadishi, Mzee Shimshon aliitamka vipande vipande na Isak akaifuata, akiruka alipochoka, akimtaja Rahamim kwa jina la Rahamu. Mlangoni Hanok alisimama na midomo yake ikaenda bila sauti. Alikuwa anayajua maneno yote. Ilimuuma. Hakuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Matanga yaliendelea hivyo mpaka yakaisha. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema Ketura alipoona Isak akimalizia mayai. "Huyu wetu hatumpi jembe, tunampa mto alale vizuri."

Ikapangwa arudi siku ya thelathini, wakati wa kubarikiwa sinia la malida, mchele wetu mtamu wa sadaka, na kusemwa Kadishi kwa mara ya mwisho. Mtoto anatakiwa aisome karibu mwaka mzima, lakini nani angemlisha Isak mwaka mzima? Siku ya thelathini ndiyo ingekuwa mwisho wa Rahamim midomoni mwa watu.

*

Mzee Shimshon alikuwa na mazoea ya kupita kwenye karakana ya Hanok alasiri. Hukaa juu ya pampu iliyokufa, huvua viatu, hufungua kitabu. Ndiye aliyemfundisha Hanok kusoma Kiebrania, tangu miguu ya Rahamim ilipoanza kuvimba na kila mtu akaelewa mwisho wake. Hanok alimwomba, na mzee hakukataa. Alimfundisha kwa bidii, kwa ukali, bila malipo, akijua wazi kwamba mwanafunzi wake hatahesabiwa.

Rahamim mwenyewe hakumshikilia. "Jifunze ukitaka," alimwambia mwanawe kutoka kitandani. "Ila nisikudanganye kwamba watakupa kitu."

Herufi zilimsumbua Hanok mwanzoni. Nyingine zinafanana kama vipuri vya pampu, tofauti ni jino moja tu, lakini ukikosea maji hayapandi. Alisoma kama mtu anayetembea kwenye tope. Taratibu sauti alizozisikia mlangoni maisha yake yote zikaanza kufunguka: kumbe hii ni mkate, hii ni nuru, hapa wanaomba mvua. Ilikuwa furaha ambayo hakuwa na wa kumwambia. Alijikuta akisema herufi huku anafungua skrubu. Alianza kugusa kile kijisanduku cha maandiko kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango wa nyumba yao, ambacho alikuwa akikipita tangu alipojifunza kutembea, na kujiuliza kama kinamlinda na yeye au kinamlinda baba yake peke yake.

Siku waliyofika kwenye dua ya hesabu, mzee alimweleza maana ya maneno yote kumi. Hanok aliyarudia, kisha akasema, "Nina miaka thelathini na mmoja, babu. Sijawahi kuwa neno." Mzee Shimshon akamsahihisha matamshi.

Sasa, msiba ukiwa bado mbichi, mzee hakufungua kitabu.

"Nenda Bombay," alisema. "Mvua zikiisha wanakuja marabi watatu kutoka nje. Watakuuliza maswali, nawe majibu unayo. Utaingia majini, utatoka. Ukirudi hapa, wewe ni wa kumi. Divekar hatakuwa na la kusema."

"Nitamsomea baba?"

"Utamsomea. Utasoma Jumamosi, utasoma sikukuu, utasoma mpaka utuchoshe."

Hanok aliweka bisibisi chini. Kwa muda kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyefurahi.

"Kuna jambo moja," alisema mzee. "Anayeingia kwa maji hupewa jina upya. Hanok utabaki Hanok. Ila kwenye sala hutaitwa tena kwa jina la baba. Utaitwa Hanok mwana wa Ibrahimu. Wote wanaoingia huitwa hivyo."

"Si mwana wa Rahamim?"

"Sokoni, kwenye kitambulisho, popote, mwana wa Rahamim. Kwenye sala na juu ya kaburi, mwana wa Ibrahimu."

Pampu nyingine ilikuwa ikijaribiwa, ikatema maji kwenye ndoo. Hanok aliizima.

"Babu, niambie kama nimeelewa. Nikitaka kumsomea baba yangu, lazima kwanza nisiwe mwanawe."

"Sikuiandika mimi sheria."

"Najua."

"Ningeiandika mimi, ningeisahau mahali." Mzee alitafuta viatu vyake kwa miguu. "Unadhani sioni aibu? Naona. Lakini unamkumbuka Norina, binti wa Divekar. Alitaka kuolewa na kijana wa nje, baba yake akaja kwangu kuuliza, nikamwambia sheria ndiyo hii. Akamfukuza. Akamkalia matanga binti akiwa hai, mimi mwenyewe nikiwa pale nimekaa naye chini. Leo nikikuhesabu wewe, nimwambie nini Divekar? Nimwambie nilitania?"

Mzee alivaa viatu, akasimama. Aliondoka akiwa ameacha kitabu juu ya pampu.

*

Jioni Sundara alikuwa akichagua mchele kwenye ungo. Hanok alimweleza yote akiwa amesimama.

"Nenda," alisema mama yake.

"Mama, umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Nenda ukawaambie hao watatu kwamba umetoka nyumba ya nje." Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mimi nilipokuja hapa niliiacha miungu ya kwetu mlangoni, hakuna aliyenilazimisha. Kila Ijumaa nimewasha taa. Nyama na maziwa sijachanganya hata siku niliyokuwa na homa. Siku ya mfungo nimefunga na mimba yako tumboni. Kama hiyo siyo, basi sijui nilikuwa nikifanya nini muda wote huo. Nilikuwa nikicheza, pengine."

"Sijasema hivyo."

"Wewe hujasema."

Ketura alikuwa akimenya vitunguu saumu, na kukaa kimya hakukuwahi kuwa kipaji chake. "Mwana hutazama kisogo cha nina," alisema. "Ndivyo walivyosema wazee. Taabu ni kwamba huyu alitazama kisogo cha baba, na sheria haina habari."

"Na wewe, wifi? Wewe ulikataa ndoa yetu."

"Nilikataa. Niliapa sitakanyaga hapa. Nikashikilia kiapo mpaka nikasikia harufu ya mchuzi wako." Alitupa maganda kwenye kikapu. "Sikukubali kwa dini, nilikubali kwa tumbo. Lakini nilikubali. Hao wengine wamekula hapa miaka yote, kiapo kwenye shavu hili, chakula kwenye hili."

Sundara alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kisha macho yakamjaa maji akayafuta kwa ncha ya sari. Alirudi kwenye mchele. Baadaye akauliza, kama anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, "Lile neno lao la mwisho wanapohesabu. Haolam. Ni nini?"

"Milele."

"Na la kabla yake?"

"Hadi. Hadi milele."

Alitoa jiwe dogo kwenye mchele, akaliangalia. "Basi jioni ile walituacha kwenye hadi," alisema.

*

Siku ya thelathini mvua ilinyesha tangu alfajiri. Sundara aliandaa malida peke yake: mchele uliopondwa bapa akauloweka, akauchanganya na sukari, nazi mbichi ya kukuna, iliki na lozi, akaurundika kwenye sinia kubwa la shaba na kuuzungushia matunda ya aina tano. Juu akanyunyiza maua ya waridi kutoka bustani ya kaka yake. Hata Divekar, ambaye hasifu kitu bila kupima, aliwahi kusema malida ya nyumba ile haina mpinzani. Kwa desturi yetu sinia hubarikiwa kwa jina la Nabii Eliya, kisha huzunguka mkono kwa mkono kati ya waliohesabiwa. Likishamaliza duara ndipo linaingia jikoni. Hanok alizoea kula jikoni.

Wanaume walifika na miavuli yao wakaipanga barazani. Isak hakufika. Simu ya Divekar ililia, naye akaifungua sauti watu wote wasikie.

"Niko kwenye daraja," ilisema sauti ya Isak katikati ya kelele za maji. "Mto umepita juu yake. Basi limegeuza. Nimeloa mpaka kwenye mfupa."

"Na nauli tuliyokutumia?" aliuliza Divekar.

"Nimeila, kaka. Kulikuwa na baridi."

Simu ikakatika. Mtu mmoja alisema ni amri ya Mungu. Mwingine akauliza kama malida inaweza kuliwa bila sala, kwa kuwa ikikaa itaharibika. Hanok alisimama mlangoni mwa jikoni amevaa shati lilelile lililochanwa, na mkononi alikuwa na kitabu cha mzee alichotaka kukirudisha. Aliyasikia yote.

Mzee Shimshon akasimama akaanza kuhesabu.

Hatukujua kwa nini. Kila mtu chumbani alijua jumla. Labda ilikuwa mazoea. Mtu aliyehesabu maisha yake yote hawezi kukaa mbele ya sinia bila kuhesabu. Kidole kilitembea, neno kwa neno, kikapita kwa fundi saa, kwa ndugu wawili wenye duka la vitambaa, kwa mwalimu mstaafu, kikafika kwa Divekar.

"Hadi," alisema mzee kwa Kiebrania chake cha Konkani, akanyamaza.

Kidole hakukishusha. Mvua ilipiga vigae. Tulimtazama, naye hakutazama mtu.

"Haolam."

Sauti ilitoka jikoni. Haikuwa kubwa. Sundara alilisema kama anavyosema chai iko tayari, na mara baada yake tukasikia kiberiti kikiwashwa.

Divekar aligeuka. "Nani amesema?"

"Dua imetimia," alisema Mzee Shimshon.

"Imetimizwa na mwanamke. Tena wa nje."

"Bwana Divekar, macho yangu mabovu, ila masikio mazima. Nimesikia maneno kumi."

"Wanawake hawahesabiwi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Sijamhesabu yeye. Hebu tazama kidole changu kiko wapi."

Tulitazama. Kidole kilikuwa kimemwelekea Hanok.

Divekar alisimama. Alikwenda mpaka barazani, akachukua mwavuli wake, akarudi nao mlangoni ukidondosha maji sakafuni. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya duka la dawa. "Na Norina?" alisema. "Nilimkalia matanga. Mjukuu wangu ana miaka minne na sijui sura yake. Nilifanya hivyo kwa sababu wewe uliniambia."

"Nilikuambia," alisema mzee.

"Basi?"

"Basi nilikosea, au nakosea leo. Sijui ni lipi, na sina umri wa kungoja nijue." Mkono wake bado ulikuwa hewani. "Ukitoka, tutarudi kuwa tisa. Mlango hauna kufuli."

Jikoni maji yalianza kuimba kwenye birika. Divekar aliangalia mvua, akaangalia sinia, akaangalia kiti cha Rahamim kilichogeuzwa ukutani. Kisha akauegemeza mwavuli, akarudi mahali pake na kusimama akiwa ameuelekea ukuta. Kama alibaki kwa ajili ya Rahamim au kwa ajili ya mvua, hakusema, nasi hatukumuuliza.

Mzee Shimshon akashusha mkono. "Jina lako," alimwambia Hanok.

Mzee alikuwa amemfahamu tangu siku ya kuzaliwa kwake. "Hanok," alijibu Hanok.

"Hanok wa nani?"

"Hanok mwana wa Rahamim."

"Hanok mwana wa Rahamim," alirudia mzee kwa sauti ya sinagogini, hata walio jikoni wasikie, "njoo usome."

Alisoma polepole mno. Mahali pamoja alikwama, na mzee, aliyekuwa hodari wa kudokeza, hakumdokeza. Alimwacha ajitoe mwenyewe kwenye tope. Akajitoa. Tuliitikia amina, sauti nane, na ya tisa haikusikika. Jina la baba yake alilitamka lote, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Kisha sinia likabarikiwa, likazunguka. Lilipofika kwa Divekar alichukua gao moja, akala akiwa ameangalia ukuta, halafu akawa hajui sinia alipeleke wapi. Hakumpa Hanok. Aliliweka chini, katikati yao wawili, na kurudisha mikono yake magotini. Hanok akainama akaliokota.

*

Jumamosi tulikusanyika sinagogini. Divekar alikuja. Alikuwa bado amekasirika, lakini sinagogi nyingine iko mbali, na kukasirika peke yako nyumbani kunachosha. Kama Hanok atakwenda Bombay mvua zikiisha, hajasema. Alikuwa amekaa benchi la nyuma, chini ya feni aliyoitengeneza mwenyewe.

Sundara alikuwa amemsindikiza Ketura mpaka getini kama kawaida yake. Kwa miaka yote hiyo humsindikiza, kisha hungoja nje na viatu na miavuli. Ketura alipanda ngazi mbili za kwanza za kwenda kwenye roshani ya wanawake, akasimama akageuka.

"Umekaa hapo kama mlinzi," alisema. "Panda. Nani atatuambia neno?"

"Wifi, mimi na magoti haya."

"Yangu yana miaka kumi zaidi. Panda."

Tulisikia ngazi zikilia, moja moja, na kiti kikivutwa juu ya vichwa vyetu. Mzee Shimshon aliyekuwa amekwisha kuinua kidole alisubiri kelele zitulie, kisha akaanza. Neno la tisa lilimwangukia Divekar. Mzee akanyamaza. Hakumtazama Hanok, wala hakumtazama yeyote kati yetu. Aliinua macho kwenye roshani ya wanawake, mkono ukiwa umenyooka, akangoja.